Amana ya Mwenye Kujua

Mjini Singida, mahali paitwapo Misuna, pana soko la vitunguu ambalo sifa yake imevuka mipaka ya mkoa, na katika majira ya mavuno malori hupanga mstari hapo yakingoja shehena za kwenda miji ya mbali, na nyingine za kuvuka hata mipaka ya nchi. Mkulima anayeshuka hapo na mazao yake, awe ametoka Iramba au Mkalama au katika vijiji vya karibu na mji, hukabiliwa na jamii ya watu ambao kila mmoja wao anajua jambo asilolijua yeye: dalali anajua bei ya mahali pengine, mwenye mizani anajua uzito, mchukuzi anajua kupanga magunia yasije yakaporomoka njiani, na mfanyabiashara anajua ni nani anayeungoja mzigo huo mwisho wa safari. Mkulima anajua kulima. Kwa yote yaliyosalia hana budi kuamini, na kwa kuwa hana budi, amewekwa mikononi mwa watu ambao aghalabu hawajui hata jina lake. Nimeona vema swali la maana ya weledi kazini, ambalo siku hizi huulizwa zaidi katika kumbi za semina zenye viyoyozi, liulizwe kwanza mahali kama hapo, penye vumbi na maganda ya vitunguu, kwa sababu hapo jibu lake lina kilo.

Majibu mepesi tunayajua sote. Mwenye weledi, huambiwa vijana wanapoajiriwa, ni yule anayefika kabla ya saa, anayevaa nguo safi zilizopigwa pasi, anayejibu barua, asiyepandisha sauti mbele ya watu, wala haleti ofisini magomvi ya nyumbani kwake. Sina shindano na hata moja katika hayo. Ni murua, na murua ni pambo la kila kazi. Lakini pambo si dhati. Mtunza hazina anayekula fedha za ushirika huenda akawa mtu nadhifu kuliko wote katika jengo, na wakaguzi wa hesabu wanajua kwamba karani asiyekubali kwenda likizo mwaka baada ya mwaka, ambaye wenziwe humsifu kwa bidii, ni wa kutazamwa vitabu vyake mapema, maana yumkini anamwogopa atakayekaa kwenye kiti chake yeye akiwa hayupo. Ikiwa hiyana yaweza kuvaa tai na kuamka alfajiri, basi tai na alfajiri haviwezi kututofautishia mtu wa kazi na mtu wa ghiliba.

Tulitazame gunia lenyewe. Sheria ya vipimo ya Tanzania haitaki gunia la mazao lizidi kilo 100, na maofisa wa Wakala wa Vipimo huzunguka masokoni na barabarani kuihimiza. Walakini katika biashara ya vitunguu na viazi watu wamezoea kwa miaka mingi ile iitwayo lumbesa, yaani gunia lililojazwa hata kinywani, kisha likaongezewa kichwa kingine juu yake kwa wavu au kwa kipande cha gunia jingine, likashonwa kwa kamba, na pamoja na unene wake wote bado likahesabiwa kuwa gunia moja na kulipwa bei ya gunia moja. Ajabu ya lumbesa si kwamba ni wizi, kwani wizi ni mkongwe kama biashara. Ajabu yake ni kwamba hufanyika mchana kweupe, mbele ya macho ya mwenye mali, tena kwa mikono ya mafundi: uko ustadi wa kweli katika kulisimamisha gunia la namna hiyo lisipasuke wala lisiinamie upande, na mshonaji wake, akitazamwa kwa jicho la ufundi peke yake, ni hodari asiye na mfano. Anayesema kwamba weledi ni ustadi, akakoma hapo, atalazimika kumtunuku mtu huyu cheti.

Wanunuzi wana utetezi wao, na insafu yataka usikilizwe. Husema kwamba kitunguu hupungua uzito njiani, kwamba kingine huoza, na kwamba mkulima naye si malaika, kwa kuwa huvipanga vikubwa vizuri juu na kuvizika vibovu katikati. Yote hayo hutokea. Lakini mtu anayetaka kufidiwa hasara ya uozo anaweza kuitaja hasara hiyo kwa hesabu: nakata kilo kadhaa katika kila gunia kwa sababu kadha wa kadha, na akiitaja, mwenye mali hupata nafasi ya kukubali, kubisha, au kubeba vitunguu vyake akamtafute mwingine. Lumbesa imebuniwa ili hesabu hiyo isitajwe kamwe. Kabla haijamnyang'anya mkulima kilo zake humnyang'anya kwanza ujuzi wa kilo hizo, na mtu asiyejua alichonyang'anywa hawezi hata kulalamika kwa adabu. Hubaki kunung'unika tu, na manung'uniko hayana mahakama.

Kwa hiyo nasema kwamba weledi, kabla ya kuwa jambo lolote jingine, ni amana aliyo nayo mwenye kujua juu ya asiyejua. Kila kazi inayostahili jina hilo ina giza lake, mahali ambapo anayehudumiwa haoni wala hawezi kuhakiki. Mama aliyemleta mtoto wake katika hospitali ya Makiungu, ambayo masista Wamishonari wa Tiba wa Maria waliianza katika miaka ya 1950, hana njia ya kujua kama sindano ilitolewa mpya kwenye karatasi yake; anauona uso wa muuguzi tu. Abiria anayesinzia ndani ya basi linaloteremka mlima Sekenke kuelekea Shelui hajui kama breki zilitazamwa kabla ya safari. Anasikia tu ngurumo ya gia nzito, na akiwa mzoefu hufarijika kwayo. Mwanafunzi hawezi kujua kwamba hesabu aliyofundishwa ni batili, kwani angalijua hilo asingalihitaji mwalimu. Palipo na mwanga hapahitaji amana, kwa sababu kila mtu hujilinda kwa macho yake. Amana huanza pale macho ya mwenye haja yanapokoma, na ya mwenye ujuzi yanapobaki peke yake.

Sijui kazi inayolionyesha jambo hili waziwazi kuliko ile ya mrina asali wa Manyoni na Itigi. Nchi ile ya vichaka vizito na miti ya miyombo imetoa asali tangu zamani, na upande wa Aghondi imetengwa hata hifadhi kwa ajili ya nyuki. Mrina wa mizinga ya magogo hupanda mti usiku, akiwa na moshi na kamba, wakati watu wamelala na nyuki wamepoa, na huko juu hukata masega kwa mkono ambao hakuna mwingine anayeuona. Ni juu yake kuyaacha masega yenye majana, na kuacha na asali kidogo ya kuwalisha nyuki hata maua mengine yachanue; akitaka kujaza ndoo upesi, hukomba yote, na kundi huhama, na mwenye mzinga akija kuuliza ataambiwa kwamba nyuki wamehama kwa sababu ya ukame, jambo ambalo huenda likawa kweli pia. Akishuka, humngoja jaribio la pili: asali humeza maji ya sukari bila kubadilika rangi sana, na mnunuzi wa Dodoma au Dar es Salaam ataonja utamu tu na kuridhika. Mtu huyu ana wenye haki watatu juu yake, mnunuzi, mwenye mizinga, na nyuki, na wa tatu ndio walio wanyonge kuliko wote, maana hawana hata ulimi wa kumsingizia. Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Daima nimeiona methali hii kuwa na ukali kidogo kwa watoa sifa, kana kwamba kosa ni la aliyesifu. Lakini imegundua jambo la hakika, kwamba fundi huharibika siku anapoanza kuitazama sifa badala ya kukitazama kibuyu.

Dini zilizotia mizizi katika mkoa huu hazikulisahau giza hili. Sura ya 83 ya Kurani imepewa jina la wapunjaji, watu ambao wakipimiwa hudai kipimo kamili, na wakiwapimia wengine hupunguza. Na wanazuoni hufundisha ihsani, kwamba mja afanye ibada kana kwamba anamwona Mola wake, na kama hamwoni, basi ajue kwamba Yeye amwona, fundisho ambalo halina budi kutoka msikitini pamoja na mwenye kuswali na kumfuata mpaka kwenye mizani. Mithali za Suleimani kadhalika zinaihesabu mizani ya hadaa kuwa chukizo kwa Mungu. Nako Iramba, ambako katika miaka ya 1920 Waluteri wa Sinodi ya Augustana ya Marekani walifanya maskani ya kazi yao, watu walipokea pamoja na Injili ile rai ya Martin Luther ya karne ya 16, kwamba wito wa Mungu haukai katika nyumba za watawa peke yake, na kwamba mshona viatu na mtumishi wa jikoni, wakiitenda kazi yao kwa ajili ya jirani, wanamtumikia Mungu si kwa daraja la chini kuliko padri madhabahuni. Ni jambo la kupendeza kwamba vitabu hivi, ambavyo vingeweza kuanza kushutumu wizi wa ngawira na uporaji wa misafara, vimejishughulisha na kijiko kilichopungua na pishi isiyojaa. Huenda ni kwa sababu mporaji anajulikana na kila mtu, lakini mpunjaji huketi mstari wa mbele katika ibada.

Hapa hutokea swali ambalo halikuacha kuwasumbua wanafalsafa. Immanuel Kant wa Königsberg, katika kitabu chake cha mwaka 1785 juu ya misingi ya maadili, alimtaja muuza duka ambaye hamzidishii bei mnunuzi asiye na uzoefu, hata mtoto hununua kwake kama mtu mzima. Kisha akauliza kama mtu huyu ni mwadilifu, au anachunga tu jina la duka lake. Ukimfuata Kant utauliza pia kama mrina anayeacha majana kwa kumwogopa Mungu amemzidi kitu muuza duka anayeogopa kupoteza wateja, kwa kuwa wote wawili wana jicho juu yao, na tofauti ni ya jicho tu. Swali lina makali, na sitalizima kwa kulidharau. Ila naona kwamba Kant alikuwa akiutazama moyo wa muuza duka, na mimi nawiwa kumtazama mtoto aliyetumwa sukari. Na mtoto yule, sukari yake ikiwa kamili, hana deni lolote la kumdai muuza duka juu ya nia yake. Nia humhusu mtoto kwa njia moja tu, nayo ni kwamba ipo siku nia hiyo itakosa nguvu. Anayechunga jina lake atapunja siku atakapouza mahali asipojulikana. Anayemcha Mungu, nasema hili bila kejeli, yumkini ataanza kusahau mwezi wa Ramadhani au Kwaresima ikishapita. Anayeipenda kazi yake kwa uzuri wake atalegea siku kazi itakapochusha, na kila kazi ina siku za kuchusha. Ndiyo maana mafundi wakubwa hawakuiacha kazi yao itegemee nia ya siku ile. Waliitia mikononi kwa mazoea ya miaka, hata mkono wenyewe ukaona haya kufanya vibaya. Mshonaji wa namna hiyo hufumua mshono uliopinda kabla hajafikiri ni nani atakayeuona, na ukimuuliza kwa nini, hana jawabu la falsafa wala la dini, atakuambia tu kwamba umepinda.

Wako wanaosema kwamba mambo haya ni desturi ya ugenini, iliyoletwa na ofisi za Kizungu, na kwamba kwetu mtu huthaminiwa kwa nasaba na ujirani wake, si kwa namba yake katika foleni. Tuseme muuguzi wa zahanati fulani anamwona mdogo wa baba yake mzazi katika foleni ya asubuhi, naye mzee, akiisha kumwona, anainua fimbo. “Shikamoo, baba mdogo.” “Marahaba, mwanangu. Mimi nitakaa hapa mpaka lini, na wewe ndiye mwenye mlango?” “Njoo ukae hapa kivulini, baba, nikuletee maji ya kunywa. Wako wawili wenye homa wamekutangulia. Wakiisha nitakuita mwenyewe.” Binti huyu amempa mzee kila kilicho chake mwenyewe, yaani salamu, kiti, maji na heshima ya kuitwa kwa jina la undugu mbele ya watu. Alichomnyima ni zamu ya wagonjwa wawili, na zamu hiyo haikuwa mali yake hata aitoe zawadi. Undugu na weledi havigombani mpaka mtu atakapotaka kuwa karimu kwa mali ya wengine, na ukarimu wa namna hiyo, katika kabila lolote nilijualo, hauitwi ukarimu.

Wala si kweli kwamba sharafu ya kazi ilisubiri ofisi. Katika karne ya 19, kabla hapajakuwa na karani hata mmoja wa serikali katika nchi hii ya kati, njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilikata Ugogo, ikapita katika sehemu za Manyoni ya leo, na kuingia katika lile pori refu lenye uchache wa maji lililoitwa Mgunda Mkali. Wapagazi waliolivuka, wengi wao wakiwa Wanyamwezi, walikuwa watu wa kazi kwa maana kamili. Walifanya mapatano ya ujira kabla ya kuondoka. Walikuwa na kirangozi wao aliyetangulia mbele. Walikuwa na mila juu ya posho, juu ya kambi, na juu ya mzigo, ambao kwa desturi haukuzidi sana frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka, chungu na chakula cha mpagazi mwenyewe. Kijana wa Unyamwezi aliyefika pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mwanamume. Shehena za pembe za ndovu na majora ya nguo zenye thamani kuu zilipitishwa kwa miezi katika nchi ambamo mwenye mali hakuwa na polisi wala bima, na mara nyingi mwenyewe alikuwa ameketi Unguja akingoja. Zilifika kwa sababu wapo watu walioona fahari kuzifikisha. Na watu hawa hawa, hili nalitia mkazo, walikuwa hodari wa kukataa. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu wa zama zile vimejaa malalamiko juu ya wapagazi walioweka mizigo chini kwa sababu posho imepunguzwa au uzito umeongezwa. Wasafiri waliuona huo kuwa uvivu na ukaidi. Mimi naona walikuwa wakiisoma, bila kujua, sheria ya chama cha kazi ambayo haikuandikwa mahali popote.

Kukataa huko si jambo la pembeni. Siku hizi neno la weledi limekuwa tamu sana katika vinywa vya waajiri, na mara nyingi hutamkwa mahali ambapo panastahili kutamkwa neno mshahara. Mwalimu anayefundisha watoto 100 katika chumba kimoja huambiwa awe mweledi. Mlinzi ambaye hajalipwa kwa miezi huambiwa hivyo hivyo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipowakataza viongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha, na ahadi za mwanachama wa TANU zilipokihesabu cheo kuwa dhamana, angalau mzigo wa amana ulitwishwa wakubwa kwanza; sasa aghalabu hutwishwa wa chini, nao wakubwa huenda kuusimamia. Amana ina pande mbili. Anayedai mizani sahihi kwa mfanyakazi, kisha akampimia mfanyakazi huyo kwa kibaba kilichotoboka, ni katika wale waliotajwa kwenye ile sura ya 83.

Liko jambo zito zaidi, nalo limetoka katika ardhi ya Iramba yenyewe. Dhahabu ya Sekenke iligunduliwa na kuanza kuchimbwa wakati wa Wajerumani, na Vita Kuu ya Kwanza ilipoifunga bahari, serikali yao ikiwa imeishiwa fedha ya kulipa, iliamua kupiga sarafu Tabora, katika karakana ya reli. Hivyo mwaka 1916 ilitoka sarafu ya rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake, na dhahabu yake ilitoka Sekenke. Zilipigwa zaidi ya 16,000. Mafundi wake hawakuwa na mashine za mji mkuu. Walifanya kwa vilivyopatikana katika karakana ya magari ya moshi, huku majeshi ya adui yakikaribia, na Septemba ya mwaka ule ule Wabelgiji waliingia Tabora. Serikali inayokaribia kufa ina kishawishi kikubwa cha kughushi, maana aliyepewa sarafu hawezi kuichoma moto kuipima. Sarafu hii haikughushiwa. Dhahabu yake ni ya karati 18, na hata leo wakusanyaji wa sarafu duniani huishindania. Kwa kipimo nilichokitoa mimi mwenyewe hapo juu, mafundi wa Tabora walikuwa waaminifu gizani, na yanipasa kuwapa sifa yao.

Lakini sarafu hiyo iligharimia nini? Iligharimia vita ambavyo vilipita katika nchi hii pande zote mbili zikichukua ng'ombe, zikichukua nafaka ya ghalani, na zikichukua wanaume wenye nguvu kuwa wapagazi wa jeshi. Kisha mvua zikakosekana, na kuanzia mwaka 1917 Ugogo, Manyoni ikiwamo, uliingia katika njaa ambayo Wagogo waliipa jina la Mtunya, iliyoua maelfu kwa maelfu ya watu kabla haijakwisha mwaka 1920. Sarafu ilikuwa sahihi kwa karati zake zote. Kila mmoja katika mlolongo ule, mchimbaji, mfuaji, mwekaji hesabu, afisa wa posho aliyeandika kwa mwandiko mzuri idadi ya ng'ombe waliochukuliwa, angeweza kusema kwamba ameitenda kazi yake vilivyo. Namwona huyo wa mwisho, mwenye daftari lisilo na doa, kuwa wa kutisha kuliko mlevi yeyote wa kambini. Waliohusika kwa haki na kazi yake hawakuwa wakuu waliolipokea daftari peke yao. Walikuwa pia wenye ng'ombe, wasiojua kusoma kilichoandikwa juu yao. Amana ya mwenye kujua ni kwa kila mtu atakayeguswa na ujuzi wake, wala haikomi kwa yule anayemlipa.

Na tazama kilichowapata wapagazi katika vita hivyo. Wana na wajukuu wa wale waliokuwa wakipatana ujira na kukataa mzigo uliozidi sasa walikamatwa vijijini, wakafungwa kamba, wakatwishwa alichotaka askari. Kazi ilikuwa ile ile, njia nyingine zilikuwa zile zile, na ustadi wa kubeba haukupungua mabegani mwao. Kilichotoweka ni uwezo wa kuweka mzigo chini, na ulipotoweka huo, kazi ya sharafu iligeuka kuwa adhabu. Tangu nilipolitafakari jambo hili sijaweza tena kukubali tafsiri yoyote ya weledi ambayo haimwachii mtu nafasi ya kusema hapana. Daktari asiyeweza kukataa kuandika cheti cha uongo, mhandisi asiyeweza kukataa saruji pungufu, mwandishi asiyeweza kukataa habari ya kupikwa, hawana weledi hata wakiwa na shahada zote. Wana ustadi uliokodishwa.

Sasa mfikirie kijana aliyeajiriwa juzi kusimamia mizani katika soko lolote la mazao, ambaye tajiri wake amemwagiza kwamba mzigo fulani usipimwe, uhesabiwe kwa magunia tu. Wenye semina watamwambia awe jasiri. Ni rahisi kumwambia hivyo mtu ambaye mama yake si wako. Akikataa peke yake, adhuhuri itamkuta barabarani, na kiti chake kitakuwa na mwingine asiye na maswali. Ushujaa wake utahesabiwa kwake mbele ya Mungu, nami sina shaka na hilo, lakini mkulima atakuwa hajapata hata kilo moja. Naona anaweza kufanya yaliyo katika uwezo wake: kuupima mzigo hata bila kuambiwa, kuuandika uzito wake wa kweli, na kumwacha tajiri aweke sahihi juu ya uamuzi wake mwenyewe, ili angalau ujuzi usizikwe. Zaidi ya hapo yahitaji watu wengi. Wapagazi wa Mgunda Mkali hawakukataa mmoja mmoja. Kambi nzima iliweka mizigo chini, na msafara ukakaa hapo mpaka mapatano yapatikane. Katika biashara ya vitunguu wakulima wangeweza kufanya hivyo kwa njia ya ushirika wao, na wenye mizani kwa umoja wao. Lakini wenye nguvu ya karibu zaidi, ingawa hakuna anayewaalika kwenye semina, ni wachukuzi. Hakuna lumbesa iliyowahi kupanda lori kwa miguu yake. Wakipatana kwamba mgongo haubebi gunia lililoshonewa kichwa cha pili, biashara hiyo itakwama siku ile ile bila ya faini wala mkaguzi, na hawatakuwa wamemfanyia mkulima hisani tu, maana wao aghalabu hulipwa kwa gunia, na kila kilo inayozidi juu ya kilo 100 wameibeba bure.